Mwongozo Kamili wa Kusoma Kuta, Kona na Ukingo wa Ramani katika Dungeons & Dragons

Katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, swali linalorudi kila mara ni lile lile: kete yangu, yaani kisanamu cha mhusika wangu, imesimama kwenye kona ya ukuta, adui yuko mraba wa jirani kwa mshazari, je, naweza kupita, naweza kumwona, naweza kumpiga? Wanaouliza wamekisoma kitabu, tena wengine wamekisoma vizuri, lakini wakifika mezani wanabishana mpaka chai inapoa.

Kosa lao kubwa ni kutaka jibu moja kwa maswali manne. Ukuta mmoja huulizwa mambo manne tofauti: kete inaweza kupita? Iko umbali gani? Inaonekana? Pigo linaweza kuifikia? Kila swali lina kanuni yake, na ukishajibu moja bado hujajibu lililobaki. Mwongozo huu unayachukua moja baada ya jingine.

Kanuni ninazozifuata ni za toleo la tano, kama lilivyochapishwa mwaka 2014. Vitabu vilivyorekebishwa vya mwaka 2024 vimebakiza sehemu kubwa ya kanuni hizi, lakini si zote, kwa hiyo kundi likubaliane mapema linafuata kitabu kipi. Mjue pia kwamba katika toleo hili kucheza kwenye gridi, yaani ramani ya miraba, ni hiari, na kwamba kanuni za mstari wa kuona na za kinga (kusitiriwa na kitu) kwenye gridi zimewekwa katika kitabu cha msimamizi wa mchezo. Mchezaji aliyesoma kitabu chake peke yake hajawahi kukutana nazo, na ndiyo maana anabishana kwa dhati kabisa.

## Vifaa vinavyohitajika

- Ramani yenye miraba ya inchi 1, ambapo kila mraba unawakilisha futi 5. Karatasi ya kawaida iliyopigwa mistari kwa rula inatosha.
- Kete. Kama huna sanamu ndogo zilizochongwa, vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi juu vinafanya kazi ileile, ingawa huzidi kidogo mraba wa inchi 1.
- Uzi mwembamba wenye urefu wa angalau sentimita 60. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, kwa kuwa macho hudanganya na uzi haudanganyi.
- Rula, penseli na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Karatasi ndogo ya kuandikia makubaliano ya meza.

## Hatua ya 1: Amueni ukuta uko wapi hasa

Kabla ya kete yoyote kuwekwa, pitieni ramani nzima na mwamue kila ukuta ni wa aina gani, kwa sababu ramani huchora kuta kwa namna tatu.

Aina ya kwanza ni ukuta unaojaza mraba mzima, kama mwamba wa handaki au nguzo nene. Huu hauna utata: mraba huo haukaliki, na pande zake nne ndizo pande za ukuta.

Aina ya pili ni ukuta mwembamba uliochorwa juu ya mstari wa gridi. Miraba ya pande zote mbili inakalika kikamilifu, na ukuta wenyewe hauchukui nafasi yoyote. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba kete iliyo kando ya ukuta imepoteza sehemu ya mraba wake.

Aina ya tatu ndiyo inayoleta ugomvi: ukuta unaokata mraba katikati, kwa mshazari au kwa mviringo, kama ilivyo katika mapango na minara ya duara. Kitabu hakina kanuni inayosema mraba uliokatwa unakalika au haukaliki. Msimamizi ndiye mwamuzi. Ushauri wangu ni huu: mraba uliobaki nusu au zaidi ukalike kama kawaida, na uliobaki chini ya nusu uhesabiwe kuwa ni ukuta. Baadhi ya wasimamizi hupenda kuruhusu kete ijibane kwenye mraba uliobaki kidogo. Hilo linawezekana, lakini kumbukeni gharama ya kujibana: kila futi 1 ya mwendo hugharimu futi 1 ya ziada, anayejibana hupata hasara (hurusha dadu mbili na kuchukua namba ndogo) katika kurusha dadu za kushambulia na za kujinusuru kwa wepesi, na wanaomshambulia hupata faida (huchukua namba kubwa). Kwa ukuta wa pango wenye mikunjo ishirini, hesabu hiyo itakula jioni yenu yote.

Chukueni kalamu ya rangi ya kwanza na mkaze kila ukuta halisi. Kwa rangi ya pili, pigeni msalaba ndani ya kila mraba mlioamua kwamba haukaliki.

Tahadhari: msiamue mraba uliokatwa katikati ya pambano. Uamuzi unaofanywa wakati adui ameshasimama hapo huwa si wa ramani tena, ni wa kumpendelea mtu.

Mmefaulu hatua hii iwapo mtu ambaye hakuwepo mnapoamua anaweza kuitazama ramani na kutaja, bila kuuliza, miraba yote ambayo kete inaweza kukalia.

## Hatua ya 2: Tenganisheni ukingo wa karatasi na ukuta

Karatasi inapoishia, dunia ya hadithi haijaishia hapo. Ukingo wa ramani hauwi ukuta isipokuwa mwamba au jengo limechorwa hapo, na hakuna kanuni inayomzuia adui kukimbilia nje ya karatasi, mshale kuruka kwenda huko, au moto kumwagika kupita ukingo.

Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi ya makubaliano kila upande wa ramani unaelekea nini: msitu, mto, barabara, au mwamba mgumu. Kete ikitoka nje, msimamizi aandike imetoka kupitia mraba gani na ina futi ngapi kutoka ukingoni, ili ikirudi irudi mahali panapoeleweka.

Ukuta halisi, kwa upande mwingine, humsimamisha anayesukumwa. Mtu akirushwa futi 10 na uchawi, na ukuta uko futi 5 nyuma yake, anasimama ukutani, na kanuni za msingi hazimwongezei jeraha kwa kugonga ukuta. Wachezaji wengi huamini kuna jeraha, pengine kwa mazoea ya michezo ya kompyuta. Msimamizi akitaka liwepo, alitangaze kabla.

## Hatua ya 3: Jibuni swali la kupita

Kwenye gridi, kila mraba unaoingia hugharimu futi 5, hata ukiuingia kwa mshazari. Kuna kanuni ya hiari inayohesabu mshazari wa kwanza kuwa futi 5, wa pili futi 10, wa tatu futi 5, na kuendelea hivyo. Kama mnaitumia, iandikeni.

Kanuni ya kona ni fupi: mwendo wa mshazari hauwezi kukata kona ya ukuta, ya mti mkubwa, au ya kitu chochote kinachojaza nafasi yake. Ili kuitumia, fanyeni hivi:

1. Wekeni kidole kwenye mraba wa kuanzia na kingine kwenye mraba wa mshazari mnaotaka kuuingia.
2. Tazameni miraba miwili ya pembeni, yaani ile inayogusana na yote miwili mliyoishika.
3. Kama hata mmoja kati ya hiyo ya pembeni umejazwa na ukuta, mshazari hauruhusiwi. Kete ipite kwa hatua mbili, kupitia mraba wa pembeni ulio wazi.
4. Kama yote miwili imejazwa, hakuna njia kabisa.

Vipi kuhusu ukuta mwembamba unaokoma pale mistari ya gridi inapokutana? Hapa ndipo nimeona meza nzima ikigawanyika. Upande mmoja husema ukuta huo haujazi mraba wowote, kwa hiyo hauna kona ya kukatwa. Upande wa pili husema ncha ya ukuta ni kona. Mimi nipo na upande wa pili, kwa sababu kanuni imeutaja ukuta kwa jina, na kwa sababu mwili unaopita kwa mshazari kwenye ncha ile ungelazimika kupenya kwenye tofali. Ichukulieni ncha kuwa kona, na mtakuwa na kanuni moja kwa aina zote za ukuta.

Kinachozuiwa hapa ni ukuta na vitu vikubwa vinavyojaza nafasi. Viumbe havihesabiwi kuwa kona, kwa hiyo kupenya kwa mshazari kati ya maadui wawili hakukatazwi na kanuni hii, ijapokuwa utalipia kwa kupigwa ukitoka kwenye ufikio wa silaha zao.

## Hatua ya 4: Pimeni umbali kana kwamba ukuta haupo

Kupima umbali kati ya kete mbili, anza kuhesabu kwenye mraba unaopakana na kete ya kwanza na umalizie kwenye mraba wa kete ya pili, kwa njia iliyo fupi zaidi. Zidisha kwa futi 5.

Neno «njia» limewaponza wengi, wakahesabu kuzunguka ukuta kama mtu anayetembea. Umbali wa mshale ni umbali tu; kama kuna ukuta katikati, kuona na kinga ndiyo yatakayomzuia mpigaji, na hayo yana hatua zake. Mkiuhesabu ukuta kwenye umbali, kisha mkauhesabu tena kwenye kinga, mmemtoza mchezaji kodi mara mbili.

## Hatua ya 5: Nyosheni uzi wa kuona

Kanuni ya mstari wa kuona inasema: chagua kona moja ya mraba wako, kisha nyosha mstari hadi sehemu yoyote ya mraba wa mwenzako. Ukipatikana hata mstari mmoja usiopita ndani ya kizuizi wala kukigusa, unamwona. Kizuizi ni kitu kinachoziba macho, kama ukuta, pazia zito au ukungu mzito.

Shikeni neno «kugusa». Mstari unaoteleza sambamba na uso wa ukuta umeugusa, na mstari unaopita kwenye ncha ya kona umeigusa. Watu husema «lakini unapita pembeni tu», na jibu ni kwamba kitabu kimeshaliamua jambo hilo.

Bandikeni ncha moja ya uzi kwenye kona mliyoichagua, kazeni, kisha muuzungushe taratibu juu ya mraba wa upande wa pili. Kona moja ikishindwa, jaribuni nyingine tatu kabla ya kusema haonekani. Haraka ya kuacha baada ya kona moja ndiyo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika hatua hii.

## Hatua ya 6: Hesabuni kinga

Kuonekana hakumaanishi kupigika kwa urahisi. Kinga ina ngazi tatu. Kinga nusu huongeza 2 kwenye alama ya deraya ya anayeshambuliwa (namba ambayo pigo lazima liifikie ili limpate) na kwenye dadu zake za kujinusuru kwa wepesi. Kinga ya robo tatu huongeza 5. Kinga kamili humfanya asiweze kulengwa moja kwa moja kabisa.

Kwenye gridi ya miraba, utaratibu ni huu:

1. Chagueni kona moja ya mraba wa mshambuliaji. Kitabu hakisemi nani achague. Mpeni mshambuliaji, kwa sababu ndiye anayeinama na kuchungulia.
2. Kutoka kona hiyo, nyosheni mistari minne hadi kona zote nne za mraba mmoja wa anayeshambuliwa. Kama kiumbe ni kikubwa na kinakalia miraba minne au tisa, chagueni mmoja wowote kati ya hiyo.
3. Mstari mmoja au miwili ikizuiwa, ni kinga nusu.
4. Mistari mitatu au minne ikizuiwa, lakini pigo bado lina pa kupenya, kama kwenye tundu la kurushia mishale, ni kinga ya robo tatu.

Ambao ramani yao ina vijisehemu vya pembe sita badala ya miraba hufuata utaratibu uleule, ila mistari ni sita: mmoja hadi mitatu ikizuiwa ni kinga nusu, minne na zaidi ni robo tatu.

Tofauti na kuona, kiumbe pia huhesabiwa hapa kuwa kizuizi. Mwenzako aliyesimama kati yako na adui anampa adui kinga nusu, hata kama ni rafiki yako wa damu.

Kanuni ya kinga inasema mstari «uliozuiwa», haisemi «uliogusa». Mnaweza kuzisoma kanuni mbili kwa namna mbili, lakini kwa uzoefu wangu meza hutulia zaidi ikitumia kipimo kimoja: kugusa ukuta ni kuzuiwa, katika kuona na katika kinga. Andikeni.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, la kona. Mshambuliaji na adui wako kwa mshazari. Kati ya miraba miwili ya pembeni, mmoja ni ukuta na mwingine uko wazi. Kupita kwa mshazari, hapana. Umbali, futi 5. Kuona, ndiyo, kwa kuchungulia kupitia upande ulio wazi. Kinga: mshambuliaji akichagua kona yake iliyo upande ulio wazi, mistari miwili inafika bila kugusa kitu na miwili inaugusa ukuta. Ni kinga nusu. Basi anampiga kwa upanga, adui akiwa na nyongeza ya 2, ingawa hawezi kuingia mraba ule kwa mshazari. Wachezaji wanaoona hilo ni kinyume waweke mikono yao kwenye kona ya nyumba: mkono unapita mahali ambapo kifua hakipiti.

## Hatua ya 7: Uchawi wa eneo

Kiini cha uchawi wa eneo huwekwa kwenye makutano ya mistari ya gridi. Eneo likiwa la duara, mraba ulioguswa nusu au zaidi umeingia.

Kutoka kwenye kiini, uchawi hutanuka kwa mistari iliyonyooka. Mahali ambapo hakuna mstari wowote ulionyooka unaofika bila kuzuiwa hapamo katika eneo, na kinachoweza kuzuia ni kinga kamili peke yake. Kumbukeni kwamba mistari inaanzia kwenye kiini, hivyo ukuta unaomkinga adui dhidi ya mchawi unaweza usimkinge hata kidogo dhidi ya moto uliopasuka nyuma yake.

Mpira wa moto, wenye nusu kipenyo ya futi 20, una ruhusa ya ziada: maelezo yake ya mwaka 2014 yanasema moto wake huzunguka kona. Usiitumie ruhusa hiyo kwa uchawi mwingine ambao maelezo yake hayasemi hivyo.

Mchawi akilenga mahali asipopaona na kuna ukuta katikati, uchawi haupenyi; kiini hujitokeza upande wa huku wa ukuta. Nimewahi kuona kundi zima likiungua kwa kusahau sentensi hii moja, na msimamizi hakuwa na kosa lolote.

## Hatua ya 8: Milango, madirisha na kuta fupi

Mlango uliofungwa ni ukuta. Uliofunguliwa ni uwazi. Kilichobaki ni kuchora ubao wa mlango unaelekea upande gani, kwa kuwa ubao uliofunguka unaweza kumficha mtu. Kufungua mlango mmoja ambao haujafungwa kwa kufuli hakuli kitendo chako cha zamu. Wa pili katika zamu ileile hukila.

Ukuta mfupi wa kiunoni hutoa kinga nusu, na tundu la mishale au nondo za lango hutoa robo tatu. Kuparamia ukuta hugharimu futi 1 ya ziada kwa kila futi 1.

## Hatua ya 9: Jaribio la nguzo

Chora gridi ya miraba mitano kwa mitano. Safu wima ziite A hadi E, safu mlalo 1 hadi 5. Jaza mraba C3 kwa nguzo ya jiwe inayofika darini. Weka mpiga mishale C1 na adui C5, kisha ujibu maswali manne kabla ya kusoma zaidi.

Umbali ni futi 20: unahesabu C2, C3, C4, C5, na nguzo haibadilishi kitu. Kuona, hapana. Uzi wowote kutoka kona yoyote ya C1 hadi popote ndani ya C5 ama unapenya nguzo ama unateleza kwenye ubavu wake. Kwa hiyo kinga ni kamili, na mshale haurushwi. Meza isiyohesabu mguso kwenye kinga itapata mistari miwili tu iliyozuiwa na kusema ni kinga nusu, na hapo ndipo utaona kwa nini nilisisitiza muandike.

Sasa msogeze mpiga mishale hadi B1. Umbali ungali futi 20. Chagua kona yake ya mbele, upande wa A. Uzi unafika kona mbili za karibu za C5, yaani zilizo upande wa B, bila kugusa kitu. Wa tatu unapenya nguzo, na wa nne unagusa ncha yake. Anaonekana, ana kinga nusu. Mraba mmoja wa kusogea umebadilisha «haiwezekani» kuwa nyongeza ya 2.

Mrudishe C1 na umpe upanga. Anataka kusimama B4, ambako adui yuko jirani kwa mshazari. Akienda moja kwa moja mbele hadi C2, hawezi kukata kona kuingia B3. Atalazimika kupita B2, B3, B4, jumla futi 20. Akianza kwa mshazari mapema, C1 hadi B2, miraba ya pembeni ikiwa wazi yote miwili, kisha B3 na B4, anafika kwa futi 15. Ukiwa umezipata namba hizo zote mbili, na unaweza kumwonyesha jirani yako kwa uzi ni kwa nini zinatofautiana, uko tayari kwa ramani yenye vyumba na milango.